Mwanachama wa klabu ya gofu na deni la shimo la 19

Uwanja kamili wa gofu una mashimo 18. La 19 halimo kwenye ramani. Hilo ni jina la utani ambalo wachezaji wamelipa jumba la klabu, mahali ambapo mchezo ukiisha watu hubadilisha viatu, huhesabu mikwaju, hulipana dau na kuagiza chakula na vinywaji. Kwa muda mrefu ilichukuliwa kwamba mchezaji asiyepitia hapo hajamaliza raundi yake. Siku hizi wako wengi wasiopitia. Hutia fimbo zao kwenye buti ya gari wakaenda zao, na kamati za vilabu zimebaki zikijiuliza iwapo mwanachama wa aina hiyo ana kosa lolote, na kama analo, alipishwe vipi.

Jijini Nairobi swali hilo lina sura yake ya kipekee. Royal Nairobi Golf Club, iliyoanzishwa mwaka 1906 na kupewa hadhi ya kifalme na Mfalme George wa Tano mnamo 1935, inapakana na Kibera upande mmoja na mtaa wa Golf Course upande wa pili. Katika mtaa huo, ambao jina lake lenyewe ni la uwanja, ndimo lilimo Soko la Kenyatta. Wanairobi hulijua soko hilo kwa mambo mawili: ususi wa nywele na nyama choma. Mwanachama wa Royal, au wa Railway iliyo karibu na katikati ya jiji, au hata wa Karen Country Club iliyoanza 1937, akishikwa na njaa baada ya mchezo, ana meza ya klabu yake na pia ana benchi la soko mwendo wa gari usio mrefu kutoka uwanjani.

Soko na klabu

Katika Soko la Kenyatta mteja huanzia kwenye bucha. Huonyesha kipande anachokitaka, mbavu za mbuzi au paja la ng'ombe, kikapimwa kwa kilo mbele ya macho yake na kuwekwa juu ya makaa. Bei huijua kabla ya moto kukolea. Husubiri akinywa soda au supu, na nyama ikiiva huletwa juu ya ubao, mwenye kisu akaikatakata hapo hapo na kuacha kijilima cha chumvi pembeni. Ugali, kachumbari na pilipili hufuata. Mteja hulipa, hunawa mikono, huondoka. Hakuna anayemuuliza ni mwanachama wa wapi, wala viatu vyake vina soksi za rangi gani.

Mambo ya klabu ni mengine. Mwanachama halipi papo hapo kwa desturi ya kale. Hutia sahihi kwenye chiti, au siku hizi hupitisha kadi, na mwisho wa mwezi huletewa taarifa ya jumla. Asipolipa kwa muda uliowekwa, jina lake hubandikwa ubaoni watu wote waone. Adhabu hiyo ya aibu imewahi kuwafanya watu wenye vyeo vikubwa kukopa ili walipie chupa za mwezi uliopita. Kanuni za mavazi ziko, kanuni za simu ziko, na katika vilabu vingi hairuhusiwi kuingiza chakula kilichonunuliwa nje. Anayetamani mbavu za Soko la Kenyatta itambidi azifuate huko huko.

Kwa mtazamo wa haraka, basi, ni ushindani wa kawaida wa biashara mbili, na mwenye nyama tamu kwa bei nafuu ndiye mshindi. Lakini klabu ya wanachama si hoteli. Haina mwenyewe mwingine ila hao hao wanaokula ndani yake. Mahakama ya Uingereza ililieleza jambo hili mwaka 1882 katika kesi ya Graff dhidi ya Evans: mwanachama anapochukua chupa kwenye baa ya klabu yake na kuilipia, hanunui kwa mtu baki, kwa kuwa chupa ile tayari ilikuwa mali yake na wenzake kwa pamoja. Sheria za leseni za pombe zimebadilika sana tangu wakati huo, na nchini Kenya klabu huhitaji leseni kama baa nyingine, lakini msingi wa hoja haujabomoka. Faida ya jikoni hairudi kwa tajiri fulani, bali hukata nyasi na kulipa mishahara. Hasara nayo hulipwa na wale wale, wawe walikula au hawakula.

Mkahawa ulitangulia

Wanaodai kwamba kuketi klabuni ni sehemu ya asili ya gofu hupenda kutaja Scotland. Wana haki ya kufanya hivyo, ingawa historia yenyewe haiwatetei kikamilifu. Waungwana wa Leith, karibu na Edinburgh, ndio walioandika kanuni 13 za kwanza za mchezo huu mwaka 1744, mwaka ambao daktari wa upasuaji John Rattray aliibuka mshindi wa fimbo ya fedha iliyotolewa na jiji. Waungwana hao hawakuwa na jumba. Walikula na kunywa katika mkahawa wa mama mmoja aliyejulikana kama Luckie Clephan, na madau yao yaliandikwa kwenye daftari, mengi yakiwa ya divai nyekundu. Kwa maneno mengine, mwanzoni wachezaji gofu walikuwa wakimaliza mchezo na kuelekea Soko la Kenyatta la wakati wao.

Jumba lilikuja baadaye. Msingi wake uliwekwa Leith mwaka 1768 kwa michango ya wanachama waliochoka kuwa wageni wa mwingine. Halikudumu. Katika miaka ya 1830 chama hicho kilipatwa na shida ya fedha, jumba na vyombo vyake vikauzwa, na mwaka 1836 kikahamia Musselburgh na kuanza upya. Chama ni kile kile ambacho leo makao yake yako Muirfield, na ambacho kiliwakubali wanawake kuwa wanachama kwa kura ya mwaka 2017, baada ya kuwakataa mwaka mmoja kabla.

Huku kwetu mpangilio ulikuwa kinyume. Walowezi walijenga kikao kwanza, au pamoja na uwanja, kwa sababu kikao ndicho walichokihitaji zaidi. Mombasa Golf Club ilianza 1911. Muthaiga Country Club ilifunguliwa mkesha wa Mwaka Mpya, Desemba 31, 1913, na sifa zake za miongo iliyofuata zilitokana na karamu kuliko michezo. Vilabu hivyo vilikuwa ngome. Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa mpishi, mhudumu au kedi, na Mhindi kwa kawaida hakuingia kabisa, hivyo jamii za Waasia zikajijengea vilabu vyao. Kuketi na kutumia fedha jumbani kulikuwa tangazo la nani ni nani. Milango ilifunguliwa baada ya uhuru wa 1963, wakaingia mawakili, madaktari, wakuu wa mashirika ya umma na wanasiasa. Mwai Kibaki, rais wa tatu wa Kenya, alikuwa mpenzi mashuhuri wa gofu. Kizazi hicho kilikuwa na sababu ya kuketi: kilikuwa kimekaa nje muda mrefu. Wajukuu wao hawana hamu hiyo. Wamezaliwa mlango ukiwa wazi, na kiti cha ngozi chenye picha za manahodha wa zamani ukutani hakiwaambii lolote kuhusu hadhi yao.

Hesabu za jikoni

Hoja nzito zaidi ya kamati si ya historia bali ya fedha. Mapato ya klabu ya gofu hutoka katika vyanzo vinavyojulikana: kiingilio cha mwanachama mpya, ada ya kila mwaka, ada ya uwanja wanayotozwa wageni, wadhamini wa mashindano, kukodisha kumbi, na mauzo ya baa na jikoni. Uwanja wa mashimo 18 huhitaji ekari 100 na zaidi, na nyasi hazingoji mtu awe na kiu ndipo ziote. Maji, mbolea, mashine, mafuta, kodi ya ardhi na mishahara ya watunza bustani hulipwa hata mvua ikinyesha wiki nzima bila raundi moja kuchezwa. Jumba nalo lina gharama zake za kudumu. Mpishi mkuu haajiriwi kwa saa mbili za Jumamosi.

Mfano wa kubuni unaweza kufafanua jambo hili. Chukua klabu yenye wanachama 1,200 ambayo jikoni na baa yake hugharimu Sh2.4 milioni kwa mwezi kabla ya kununua hata kilo moja ya nyama. Tuseme katika kila Sh100 za mauzo, Sh40 hubaki baada ya kulipia bidhaa. Ili jumba lisile hasara, itabidi liuze vitu vya Sh6 milioni kila mwezi. Wanachama wote wakitumia, kila mmoja atahitajika kuacha Sh5,000. Wakija 400 tu, kila mmoja wao lazima atumie Sh15,000, la sivyo upungufu utafidiwa kutoka fedha za uwanja.

Hapo ndipo linapozaliwa wazo la kiwango cha lazima. Nchini Marekani vilabu vingi vya kibinafsi humtoza mwanachama kiasi fulani cha chakula na vinywaji kila mwezi au kila robo ya mwaka, asipokila, kimepotea. Uingereza wengi hupendelea kumwekea mwanachama fedha hizo kwenye kadi yake mwanzoni mwa mwaka, naye akazitumia polepole. Kamati inayoiga mifumo hiyo hujitetea kwamba mwanachama hapotezi kitu, kwa kuwa fedha ni zake na chakula ni chake.

Utetezi huo una shimo. Katika mfano uliotolewa, kinachohitajika kwa kila mwanachama ili kufidia gharama za kudumu ni Sh2,000 tu, yaani Sh2.4 milioni zikigawanywa kwa watu 1,200. Kiwango cha lazima humdai Sh5,000 ili klabu ipate zile 2,000, na zile 3,000 nyingine humlazimisha kununua samaki na bia ambazo pengine hakuzitaka. Iwapo lengo ni kulinda jumba, njia ya moja kwa moja ni kuongeza Sh24,000 kwenye ada ya mwaka na kuuza chakula kwa bei inayokaribia ya kununulia. Asiyekula atakuwa amelipa mchango wake na kuondoka na amani. Anayekula atakuta sahani ya bei ambayo hata Soko la Kenyatta litapata taabu kushindana nayo. Kamati huogopa njia hii kwa sababu moja tu: ongezeko la ada hupigiwa kura katika mkutano mkuu mchana kweupe, ilhali kiwango cha lazima huweza kupitishwa kama kanuni ndogo ya nyumba.

Iko kasoro nyingine ambayo haionekani kwenye vitabu vya mhasibu. Jikoni lenye wateja waliofungwa kamba halina sababu ya kupika vizuri. Muuza nyama wa sokoni akichoma mbavu hadi zikawa kama kamba ya kiatu, mteja atahamia bucha la jirani hatua tatu kutoka hapo. Mpishi wa klabu yenye kiwango cha lazima hana jirani.

Faida ya kuketi

Pamoja na hayo, si haki kusema kwamba anayeketi klabuni huketi bure. Gofu ni mchezo usio na refa. Mchezaji hujitangazia adhabu mwenyewe, na kadi ya alama hutiwa sahihi na mwenzake aliyekuwa akimwandikia. Juu ya hapo kuna handikapu, ile namba inayomwezesha mchezaji dhaifu kushindana na hodari kwa kupunguziwa mikwaju. Mfumo mmoja wa dunia wa handikapu ulioanza kutumika mwaka 2020 umejengwa juu ya kadi zinazoingizwa kwenye kompyuta, lakini waandishi wake waliacha kwa makusudi nafasi ya wachezaji wenzake kuipima. Wanachama wanaofahamiana ndio wanaotarajiwa kujua kwamba fulani anayedai handikapu ya 22 juzi alipiga kama mtu wa 12. Ujuzi huo haupatikani kwenye eneo la kuegesha magari. Hupatikana mezani, mtu anaposimulia shimo la saba kwa mara ya tatu na wenzake wakamkumbusha mkwaju alioupunguza.

Waulize wachezaji kwa nini mashindano ya kila mwezi hupoteza ladha, na wengi watataja wale wanaoshinda zawadi handikapu zao zikiwa zimejaa chumvi. Klabu ambayo watu wake hawaketi pamoja ni klabu ambayo watu wake hawaaminiani, na zawadi ya mwisho wa wiki hubaki kuwa chanzo cha minong'ono. Vivyo hivyo kwa mgeni mpya aliyelipa kiingilio kikubwa. Asipopata watu wa kucheza nao, na hupatikana jumbani kuliko kwingineko, baada ya mwaka mmoja fimbo zake zitakuwa zikikusanya vumbi na ada yake ikichelewa.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Desturi za gofu zimeligeuza neno hilo: atumbukizaye mpira shimoni kwa mkwaju mmoja ndiye anayetarajiwa kuwatunza wengine kwa kuwanunulia vinywaji waliomo jumbani. Nchini Japani gharama ya furaha hiyo ni kubwa kiasi kwamba watu huikatia bima. Nairobi bado mtu hutegemea mfuko wake na huruma ya wenzake wasiagize chupa za bei ghali.

Hoja isiyostahili uzito inaopewa ni ile ya mikataba. Imerudiwa mno kwamba biashara za nchi hii hufungwa shimo la 19, na kwamba asiyeketi hapo hujinyima riziki. Biashara zipo zilizofungwa hapo, kama zilivyo zilizofungwa kwenye matanga na foleni za benki. Mwanachama anayeagiza pombe asiyoihitaji akingoja kukutana na mkurugenzi wa shirika mara nyingi huishia kulipia pombe ya mkurugenzi pia.

Wasioketi wana sababu

Raundi ya mashimo 18 huchukua saa nne au zaidi. Anayeanza saa moja asubuhi humaliza karibu na saa sita, na ana watoto wa kupeleka mahali, mazishi ya kuhudhuria Murang'a au Kisii, na msongamano wa Ngong Road wa kuvuka kabla ya yote hayo. Katika familia ambamo mume na mke wote hufanya kazi siku tano, Jumamosi haina tena mchana mzima wa mtu mmoja kuketi na marafiki. Mwanachama Mwislamu au Msabato asiyekunywa pombe, kwa upande wake, hana haja ya baa, na Msabato hachezi Jumamosi.

Sheria za barabarani nazo zimechangia. Desemba 2013 polisi wa trafiki walianza kutumia kifaa cha kupima pombe kwenye pumzi, ambacho Wakenya walizoea kukiita Alcoblow. Kanuni zake zimezozaniwa mahakamani, lakini mazoea ya madereva wengi yalikuwa yameshabadilika. Anayejua kwamba huenda akasimamishwa njiani hafikii chupa ya nne, na faida kubwa ya baa ilikuwa kwenye chupa ya nne. Hakuna kamati yenye akili timamu inayoweza kulalamikia badiliko hilo hadharani.

Mwaka 2020 ulikuwa mtihani wa aina yake. Ugonjwa wa Covid-19 ulipoingia Kenya mwezi Machi, baa na mikahawa ilifungwa na amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa. Julai 27 Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku uuzaji wa pombe katika mikahawa, na baa hazikufunguliwa hadi mwishoni mwa Septemba. Katika miezi hiyo gofu, mchezo wa watu wachache kwenye uwanja mpana, ulikuwa miongoni mwa michezo iliyo rahisi kuendeshwa kwa masharti ya kutokaribiana, ilhali jumba lilikuwa ndilo lenye hatari. Wachezaji walizoea kuja wamevalia tayari, kucheza na kwenda nyumbani. Mazoea ya miezi kadhaa si rahisi kuyafuta kwa waraka wa katibu.

Kedi hakaribishwi

Mjadala wote huu wa kuketi na kutumia humwacha nje mtu mmoja aliyetembea mashimo yote 18. Kedi hubeba mfuko, hutafuta mpira majanini, husoma mwinamo wa nyasi na mara nyingi ndiye anayejua mchezo kuliko anayeucheza. Wakenya wengi waliopata kuwa wachezaji wa kulipwa walianzia kwenye kubeba mifuko. Malipo yake hutoka mfukoni mwa mchezaji siku hiyo hiyo. Hata hivyo, mlango wa jumba si wake. Ana banda lake, na chakula chake hukipata kwenye vibanda vya nje.

Shilingi ambayo mwanachama analazimishwa kuiacha jumbani inaweza kuwa shilingi aliyoikata kwenye bahashishi ya kedi. Jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Kinyume chake, kwenye benchi la Soko la Kenyatta hakuna kanuni inayomzuia mchezaji na kedi wake kula kutoka ubao mmoja. Huenda mikono hiyo ikakutana juu ya chumvi hapo kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi ya kutembea pamoja kila Jumamosi.

Wageni wakizidi wenyeji

Jumba lililokimbiwa na wanachama halibaki tupu. Kamati hulikodisha kwa arusi, mikutano ya kampuni na karamu za kuwaaga wastaafu, na wadhamini huchukua uwanja siku nzima kwa wateja wao. Fedha huingia, na kwa mwaka wa kwanza kila mtu huisifu kamati. Tatizo huja taratibu. Mwanachama anayefika Jumamosi hukuta maegesho yamejaa magari yenye maua, meza aliyoizoea imefunikwa kitambaa cha dhahabu, na mhudumu aliyemfahamu kwa jina akikimbilia hema. Anaondoka, na sasa ana sababu nzuri zaidi ya kutoketi.

Mkono wa mtoza ushuru nao upo. Kwa miaka mingi kifungu cha 21 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kilitumia kipimo cha robo tatu: klabu ambayo angalau robo tatu ya mapato yake, ukiacha yale ya vitega uchumi, ilitoka kwa wanachama wenyewe haikuhesabiwa kuwa inafanya biashara, na iliyoshuka chini ya hapo ilitozwa kama mfanyabiashara yeyote. Kipimo hicho kilieleza kwa tarakimu jambo ambalo wanachama hulihisi bila kalamu. Klabu ikishalishwa na wageni imekuwa kitu kingine, na wenyeji wake ni wateja wenye kadi.

Hii ndiyo sababu asiyeketi hawezi kujiosha mikono moja kwa moja. Hana deni la bia wala la samaki. Deni alilonalo ni la gharama ya kuuweka mlango wazi, na anastahili kulilipa hata asipoingia, kama mwenye shamba anavyolipia ua ambao haulali juu yake. Deni hilo liandikwe kwenye ada, kwa jina lake, lipigiwe kura. Kuketi kwenyewe hakuwezi kutozwa. Klabu inayotaka watu wakae itabidi itafute wanachokimbilia, na kwa upande huu wa Nairobi si kazi ngumu, kwa kuwa harufu yake huvuka Mbagathi Way kila mwisho wa wiki: nyama iliyochaguliwa na mlaji mwenyewe, bei iliyotajwa mapema, moto wa makaa, na mhudumu asiyechelewa. Halikadhalika kibanda cha katikati, kile cha chai, soseji na mayai ya kuchemsha baada ya shimo la tisa, huuza bila kanuni yoyote ya kumlazimisha mtu, kwa sababu kipo mahali pake na kwa wakati wake.

Mwanachama anayependelea kujua anachodaiwa anaweza kuanza na swali moja kwenye mkutano mkuu: hesabu ya jikoni peke yake, bila kuchanganywa na ya baa, inasemaje? Vilabu vingi huzijumlisha mbili hizo kwa jina la huduma za jumba, na faida ya bia ikaficha hasara ya jikoni kwa miaka. Zikitenganishwa ndipo huonekana kama wanachama wameikimbia meza, au meza ndiyo iliyowakimbia.